Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Maandalizi ya Maonesho ya Nje

Ndugu Wajumbe wa Mkutano Mkuu,

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawajibika kuwasilisha taarifa ya kazi za Chama kwa mwaka tunaoufunga. Mambo ya kawaida, yaani ada, wanachama wapya na ukarabati wa ghala, yamo katika kabrasha mlilogawiwa mlangoni, nami sitayarudia. Muda wangu nitautumia kwa jambo moja lililotugharimu kuliko mengine yote, na ambalo wengi wenu mmelizungumza pembeni kabla halijafika kikaoni: safari ya Nuremberg, Ujerumani, ambako wasindikaji wanne wa viungo walituwakilisha katika BIOFACH, maonesho ya kimataifa ya bidhaa za kilimo hai.

Niseme wazi kwamba tulijiandaa kwa kipimo cha Sabasaba. Sote tumezoea viwanja vya Barabara ya Kilwa: unapanga pakiti, unapamba banda, mteja anapita, ananusa, analipa, anaondoka. BIOFACH, ambayo makao yake yamekuwa Nuremberg tangu mwaka 1999, haina mteja wa namna hiyo. Wanaoingia ni watu wa biashara tu, na bidhaa haipokelewi bila cheti cha kilimo hai. Anayesimama mbele ya banda lako hana haja na pakiti. Anamtafuta mtu atakayemletea mzigo uleule, wa ubora uleule, mwaka hadi mwaka. Pakiti zetu za gramu 50, ambazo tulizichapishia lebo mpya na kuzigombania kikao kizima kuhusu rangi, nyingi tuliwagawia majirani wa banda siku ya kufunga.

Nilichokiona siku ya kwanza asubuhi nitakieleza kama kilivyokuwa. Alikuja mama mmoja mnunuzi, akaomba sampuli ya pilipili manga, akaimwaga juu ya karatasi nyeupe, akatenga punje nyepesi upande mmoja kwa ncha ya kalamu, akavunja moja kwa kucha na kuinusa. Kisha akauliza: ni gramu ngapi kwa lita? Mwenzetu akajibu kwamba ni pilipili ya Amani, Muheza, iliyovunwa ikiwa imekomaa. Jibu lilikuwa la kweli, ila halikuwa jibu la swali lile. Pilipili manga katika biashara ya kimataifa hutajwa kwa uzito wa ujazo wake, gramu 500 kwa lita, 550 na kuendelea, kwa sababu punje changa na punje tupu hujaza chombo bila kujaza mizani. Swali la pili lilikuwa bei ya kilo FOB Dar es Salaam, yaani bei ya mzigo ukiwa umekwisha kupakiwa melini bandarini, na kiasi cha chini cha oda. Hapo mwenzetu akatoa simu na kuanza kupiga hesabu kutoka shilingi. Yule mama alisubiri kwa adabu, akaacha kadi yake, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na sikuwa na jibu lililo bora kuliko la mwenzetu; kwa hiyo lawama hii isimwendee yeye peke yake.

Bei ya FOB haitungwi mbele ya mteja. Ndani yake mna bei ya shambani, upungufu wa uzito wakati wa kukausha na kupepeta, magunia, usafiri hadi bandarini, wakala wa forodha, vyeti, vipimo vya maabara na riba ya fedha iliyolala kwenye mzigo kwa miezi. Baada ya kurudi tuliketi na wasindikaji wote wanne, tukaikokotoa kipengele kwa kipengele. Wawili kati yao waligundua kwamba bei waliyoitaja Nuremberg ingewatia hasara tangu kilo ya kwanza. Tumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeikubali.

Suala la maabara ni zito zaidi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha sumukuvu kwa pilipili manga, tangawizi na manjano: aflatoksini B1 isizidi mikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aflatoksini isizidi 10. Wanunuzi huuliza pia kuhusu bakteria wa salmonela, na hapa kuna mtego, kwa sababu gesi ya ethilini oksaidi, ambayo katika baadhi ya nchi hutumika kuua vijidudu kwenye viungo, hairuhusiwi huko. Wao wanataka viungo vilivyosafishwa kwa mvuke. Sisi tulikwenda na ripoti moja tu ya maabara, nayo ilikuwa ya mavuno ya msimu uliotangulia. Mnunuzi makini huitazama tarehe kabla ya matokeo.

Kuhusu cheti chenyewe, kanuni mpya ya Ulaya ya kilimo hai, namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imebadilisha namna ya kuwathibitisha wakulima wadogo. Kikundi kinatakiwa kiwe na usajili wake kisheria, kiundwe na wakulima wenyewe, na kisizidi wanachama 2,000. Zamani msindikaji aliweza kushika cheti kwa niaba ya wakulima wanaomuuzia. Mpango huo umefungwa. Wanachama wenye vikundi ambavyo havijasajiliwa wasifikirie banda la Nuremberg kwa sasa. Wafikirie usajili kwanza, maana hauishi kwa wiki mbili.

Mengine nayataja kwa kupita. Kreti yetu ya mbao ilikataliwa na wakala wa usafirishaji kwa kuwa haikuwa na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, unaothibitisha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa mfano kwa kupashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Tukahamishia sampuli kwenye maboksi usiku, kwa gharama ya ziada. Msindikaji wa tano hakusafiri kabisa, kwa sababu pasi yake ilikuwa inakaribia kwisha, na viza ya Schengen hudai pasi iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya tarehe ya kuondoka huko. Maombi ya viza yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, sisi tukayapeleka wiki za mwisho. Na birika la kuchemshia chai ya viungo lilikaa kimya siku nzima, kwa kuwa plagi ya nyumbani haiingii kwenye soketi ya Ujerumani. Inachekesha, lakini mji huo mikate yake ya Krismasi hutiwa mdalasini na karafuu, na harufu ya chai yetu ingewavuta watu kuliko bango lolote.

Barua za kufuatilia nazo tulizichelewesha. Kadi tulizokusanya zilikaa kwenye bahasha kwa zaidi ya wiki tatu zikisubiri kikao cha kugawana. Wawili waliotujibu waliomba mzigo wa majaribio wa kontena la futi 20, na hakuna mwanachama mmoja anayeweza kulijaza peke yake. Tukichanganya mizigo bila kupima, kontena moja litakuwa na pilipili za aina nne, na mnunuzi atalihukumu kwa gunia baya kuliko yote.

Kwa hiyo Kamati Tendaji imeamua, na inaomba ridhaa yenu, kwamba Chama hakitamchangia mwanachama gharama za maonesho ya nje mpaka awe amewasilisha, kufikia mwisho wa Septemba, ripoti ya maabara ya mavuno ya mwaka huohuo, karatasi ya bei ya FOB iliyopitiwa na Mhazini, na nakala ya pasi. Barua za kufuatilia zitaandikwa usiku uleule hotelini. Najua wapo watakaosema sharti la maabara linawabagua wadogo. Ndiyo maana tunapendekeza Chama kilipie nusu ya kipimo kwa fedha tuliyokuwa tukiitumia kwa mabango.

Kabla Mhazini hajasoma hesabu, naomba kila aliyekuja na pilipili manga aipeleke kwa Katibu. Jagi la lita moja na mizani viko kwenye meza ya nyuma, na daftari limefunguliwa.