Treni tumepata, daladala ya kutufikisha nyumbani iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mara ya mwisho kuandika gazetini, barua zilikuwa bado zinabandikwa stempu. Tangu hapo nimesoma mengi nikanyamaza. Lakini ile habari yenu ya wataalamu waliokutana hapa Dodoma kujadili mipango endelevu ya usafiri wa mijini na utalii wa pwani imenikaa kooni. Mliandika kwamba reli ya kisasa imeisogeza bahari, kwamba mkazi wa Dodoma sasa anaweza kwenda kupunga upepo wa pwani mwisho wa wiki, na mgeni aliyeko ufukweni naye akapanda huku kwetu. Picha ikaonyesha meza ndefu, chupa za maji na tabasamu. Habari nzima hakuna aliyeulizwa mtu akishashuka kwenye treni anafanyaje.

Sina ugomvi na treni. Tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, sisi tuliozoea kukunja magoti kwenye basi kutwa nzima tunaijua thamani yake. Inakwenda kwa umeme, hadi kilomita 160 kwa saa, na inaondoka kabla hujamaliza kuaga. Shida yangu inaanzia nje ya stesheni, huko Dar na huku nyumbani.

Likizo iliyopita niliwapeleka wajukuu zangu wawili Bagamoyo, maana walikuwa wanaijua bahari kwa kuiona kwenye simu tu. Dar tulifika watoto bado wana nguvu za kugombana. Kutoka hapo tukapanda basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, tukashuka, tukapanda daladala hadi stendi ya Makumbusho, tukashuka, tukaingia basi la Bagamoyo, likakaa likisubiri lijae. Dodoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 450. Dar hadi Bagamoyo ni kama 70. Nakuachia wewe Mhariri ukisie ni kipande kipi kilichotumaliza. Hayo nikayameza, nikasema ndiyo safari.

Kurudi ndiko kulikonitoa kwenye ukimya wangu. Tuliteremka Dodoma usiku. Mdogo kalala begani kwangu, mkubwa kabeba boksi la samaki wa kukaanga ambalo mafuta yake yalishaanza kupenya na kumchora ramani kwenye shati. Wenye magari ya kuwapokea wakapokewa, wakaenda zao. Sisi wengine tukabaki na vijana wa bajaji. "Mzee wangu, ishirini tu, usiku huu," akaniambia mmoja. Elfu ishirini, kutoka stesheni ya Mkonze hadi nyumbani Nkuhungu, ndani ya mji uleule! Nauli ya mtu mzima kutoka Dar ilikuwa 31,000. Nilipogoma akanijibu kwa upole kabisa, "Basi subiri daladala, babu," wenzake wakaangua kicheko, kwa sababu kila mtu pale alijua hakuna daladala ya saa ile. Simlaumu kijana. Ana hesabu ya tajiri inamsubiri, na mteja mwenye mtoto begani hana pa kukimbilia. Nawalaumu waliokaa wakapanga treni iingie saa fulani ya usiku, na wengine, ofisi nyingine kabisa, wakaziacha daladala zilale saa ileile, na wote wawili wanajiita wapangaji wa usafiri. Mama mmoja tuliyekuwa naye behewa moja, mwenye ndoo mbili na kichanga mgongoni, nilimwacha pale akipiga simu kwa mtu asiyepokea. Mtuambie, Mhariri, huyo ni mdau wa mkutano upi?

Na hapo sijagusa ufukwe wenyewe. Tulipofika Bagamoyo, watoto walitaka kwenda majini papo hapo. Tukakuta ukuta, mbele yake ukuta mwingine, halafu mlinzi wa hoteli moja, jina nalihifadhi, akataka tulipe kwanza au tuzunguke. Tuzunguke wapi, hakusema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya fukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60! Pale mimi sikuona hata sita. Kisha wanashangaa bahari inakula fukwe, wakati Dar ushahidi uko wazi kuanzia Kunduchi hadi pale Barabara ya Obama ambako ukuta wa mawe umejengwa kuzuia mawimbi. Mikoko ilikuwa inaifanya kazi hiyo bure. Utalii wa pwani ambao mwananchi wa kawaida haruhusiwi kulowesha miguu mimi siuelewi, ila pengine sikusoma vya kutosha.

Turudi Dodoma. Ujanani nilikuwa mchora ramani, nikinakili michoro ya mji huu mpya kwa wino. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, na mwaka 1976 ukatoka mpango kabambe ulioandaliwa na kampuni ya Canada, Project Planning Associates. Katika mpango ule, njia maalumu za mabasi zilipita kuunganisha vitongoji, makazi yakapangwa ili mtu afike kituoni kwa miguu, na waenda kwa miguu na wenye baiskeli wakawa na njia zao. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita! Leo tuna watu 765,179 kwa Sensa ya 2022, tuna barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 (nzuri, malori yapite huko), tuna Mji wa Serikali Mtumba, na mtoto wa shule anatembea ukingoni mwa lami akikwepa bodaboda kulia na mtaro usio na mfuniko kushoto. Anayedhani mipango endelevu ililetwa na semina ya juzi aende akaombe ile michoro, kama haijaliwa na mchwa.

Pendekezo langu ni dogo. Mkutano ujao ufanyike Bagamoyo, wataalamu waende kwa treni na warudi kwa treni ya usiku, magari ya ofisi yabaki yamefungwa Mtumba. Kila mmoja apewe mtoto mmoja aliyelala na boksi moja la samaki, na nyumba aliyopangiwa kulala iwe Nkuhungu, Nzuguni au Ipagala, siyo hoteli ya jirani na stesheni. Wakishafika ndipo waandike taarifa yao kuhusu uratibu wa ratiba za daladala na treni, nina hakika itakuwa fupi. Posho zao wapewe mapema, tena kwa noti ndogondogo, maana dereva wa bajaji huwa hana chenji.

Mchora ramani mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma