Barua ya COBRA si ya kutupwa

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, mwandishi wa safu ya kazi na maisha aliwashauri wasomaji wanaoishi Marekani kwamba mtu akiachishwa kazi asipoteze muda na barua ya COBRA, yaani ile inayomwarifu kwamba anaweza kubaki na bima ya afya ya kazini akiilipia mwenyewe, kwa kuwa hiyo ni bima ya matajiri. Kuhusu bei sina ubishi naye. Ushauri wa kuitupa barua hiyo, hata hivyo, ni wa hatari, nami naandika nikiwa mmoja wa walioitupa.

Mume wangu alifanya kazi miaka sita katika ghala moja hapa Ohio. Mwezi Machi mwaka juzi zamu yao ilifutwa, na bima yetu sote wanne ikakoma tarehe 31 ya mwezi huohuo. Katikati ya Aprili ilifika bahasha nyeupe yenye kidirisha, kutoka kwa kampuni tusiyoijua (waajiri wengi huwakabidhi watu wa nje kazi ya kutuma barua hizi), nami nikaitia kapuni pamoja na matangazo ya supamaketi. Mwezi uliofuata mtoto wetu mdogo alianguka kwenye bembea, akavunjika mkono mahali pawili na kufanyiwa upasuaji. Bili ya hospitali ilipofika ilizidi dola 20,000. Usiku ule binti yetu mkubwa alilipekua lile kapu, akaifungua bahasha na kutusomea mstari kwa mstari mezani, hata akafika kwenye tarehe ya mwisho ya kujibu. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Sheria ya COBRA, iliyotiwa saini mwaka 1986, inawahusu kwa kawaida waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, na inampa aliyepoteza bima kwa kuachishwa kazi, kuacha mwenyewe au kupunguziwa saa, haki ya kubaki katika bima ileile ya kazini kwa miezi 18. Anazo siku 60 za kuamua, zinazohesabiwa tangu bima ilipokoma au tangu alipopewa taarifa, kutegemea lipi lilikuja baadaye; na akishakubali, anazo siku nyingine 45 kabla ya malipo ya kwanza. Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa ni kwamba bima hiyo hurudi nyuma hadi siku ile ilipokatika, maadamu mtu amelipia miezi yote iliyopita. Maana yake ni kwamba katika siku hizo 60 mtu anaweza kutulia bila kutoa hata senti, akingoja kazi mpya, na maradhi au ajali ikimfika ndipo akajaza fomu. Wapo wanaoiona hii kuwa ni ujanja, lakini ndivyo sheria yenyewe inavyosema.

Nasi tuliijaza, tukaituma kwa posta na kutunza risiti. Tulilipia Aprili, Mei na Juni, dola 1,836 kila mwezi, jumla dola 5,508, fedha ambazo wenzetu wa upatu walitupatia kwa kutusogeza mbele ya zamu yetu. Julai mume wangu akapata bima ya mwajiri mpya. Hospitali, ambayo ilikuwa imetuandika kama watu wasio na bima, ilibidi tuipigie simu mara tatu hadi ikakubali kuipeleka bili upya.

Kuhusu hiyo bei, haikuzuka siku mume wangu alipofukuzwa. Kwenye mshahara wake zilikuwa zikikatwa dola 450 kwa mwezi, na mwajiri akiongeza 1,350 ambazo sisi hatukuziona kamwe. COBRA inaruhusu udaiwe zote 1,800, pamoja na asilimia 2 ya gharama za uendeshaji.

Linaloniuma hadi leo ni jingine. Kila aliyekuwamo katika bima ile ana haki yake mwenyewe ya kuchagua, baba, mama na kila mtoto. Tungeweza kumlipia mtoto aliyevunjika mkono peke yake, kwa bei ya mtu mmoja, ambayo katika bima yetu ilikuwa dola 612, yaani theluthi ya tulichotoa. Fomu ilikuwa na kisanduku mbele ya kila jina. Tulivitia alama vyote vinne kwa sababu tulidhani ndivyo inavyotakiwa.

Sisemi kwamba COBRA inamfaa kila mtu. Kampuni ikifunga kabisa mpango wake wa bima, hakuna cha kuendelezwa. Mume na mke wakiachana, aliyekuwa chini ya bima ya mwenzake anaweza kupata hadi miezi 36, lakini ni lazima mpango upewe taarifa ndani ya siku 60, na hiyo ni kazi yao wenyewe, si ya mwajiri. Wazee wetu nao waangalie sana. Jirani yetu aliacha kazi akiwa na miaka 66, akakaa na COBRA miezi yote 18 akiamini amejikinga, kumbe miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilikuwa ikihesabiwa tangu alipoacha kazi. Sasa, kwa kuchelewa huko, analipa nyongeza ya asilimia 10 kila mwezi, na ataendelea kuilipa maadamu yumo katika sehemu hiyo.

Naomba basi mwandishi wenu airudie mada hii, na safari hii aeleze kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, yaliyomo ndani ya bahasha ile. Akihitaji nakala ya kuifanyia kazi, yetu tunayo, ina doa la chai upande mmoja lakini inasomeka.

Mama wa watoto wawili,
Columbus, Ohio