Dar es Salaam hadi Johannesburg: kwa nini tiketi ya kurudi inaonyesha saa nyingi kuliko ya kwenda

Mama mmoja anayeuza nguo Kariakoo alitandaza tiketi zake juu ya meza yetu na kutaka kujua kwa nini safari ya kwenda Johannesburg ilikuwa ya saa mbili na nusu, ilhali ya kurudi ilikuwa ya saa nne na nusu, kana kwamba ndege ya kurudi ingepitia mahali pengine bila yeye kuelezwa.

Ndege haipitii kwingine. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa O. R. Tambo ni takribani kilomita 2,440 kwa njia ya anga, na ndege ya abiria, ambayo ikishatulia juu huenda kwa mwendo wa kilomita 800 na ushei kwa saa, hutumia kama saa tatu na nusu ukijumlisha kupaa na kushuka. Muda huo hautofautiani sana kwenda na kurudi. Kinachotofautiana ni saa za nchi, kwa kuwa Afrika Kusini iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na tiketi huandika muda wa kuondoka kwa saa za mji unaotoka na wa kufika kwa saa za mji unaofikia. Ukiondoka Dar es Salaam saa 9:00 alasiri, utatua saa 11:30 jioni kwa saa za huko, huku saa yako ya mkononi ikisoma 12:30. Saa hiyo moja utairudisha siku ya kurudi.

Hesabu hiyo ni ya ndege ya moja kwa moja. Ukiunganisha kupitia Nairobi, unakwenda kaskazini kilomita 670 hivi kabla ya kugeuka kusini kwa kilomita 2,900, na ukipitia Addis Ababa jumla inakaribia kilomita 5,800, yaani zaidi ya mara mbili ya njia iliyonyooka, mbali na saa za kusubiri uwanjani. Nauli ya njia hizo huweza kuwa nafuu, nasi hatumzuii mtu. Tunamwomba tu aangalie saa ya kufika kabla ya kuangalia bei. (Wa basi, kupitia Tunduma, Lusaka na Harare, ana takribani kilomita 3,500 na mipaka mitatu, na huyo hesabu yake ni ya siku.)

Lililotuumiza zaidi, hata hivyo, ni saa yetu ya Kiswahili. Mteja wetu mmoja alisoma 07:30 kwenye tiketi, akaelewa saa saba na nusu mchana, akafika uwanjani saa nne asubuhi akijipongeza kwa kuwahi, kumbe ndege iliondoka saa moja na nusu. Kosa lilikuwa letu pia, kwa sababu tulimkabidhi karatasi bila kuisoma pamoja naye. Siku hizi kila tiketi inayotoka ofisini kwetu tunaiandika pembeni kwa kalamu, na ya ndege ya 07:30 husomeka hivi: “Ndege saa 1:30 asubuhi. Uwe uwanjani saa 10:30 alfajiri.”