Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: adhabu ya kuziba njia imegeuka kodi

Mheshimiwa Meya wa Mji,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni shofere wa taksi-bisi, laini ya Katuba hadi mjini, mwaka wa 19 sasa. Sina cheo wala chama. Nakuandikia juu ya njia zinazozibwa, na kabla hujasema mashofere wameanza tena kulalamika, naomba usikie habari ya usiku mmoja wa Januari, mwaka uliopita.

Saa saba za usiku jirani aligonga dirisha langu. Mke wake ameshikwa na uchungu, anataka kumfikisha hospitali ya Sendwe. Gari lilikuwa mlangoni na mafuta yalikuwamo. Avenyu yetu ina pa kutokea pawili tu. Upande wa juu palikuwa na feti ya ndoa: bashi (turubai) kubwa imefungwa toka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vimejaa, spika mbili zenye kimo cha mtu. Upande wa chini kuna mtu anayejenga ghorofa. Alikuwa amemwaga kamyo (lori) mbili za mchanga katikati ya njia na kupanga matofali ya saruji mbele yake, na rundo hilo lilikuwa na miezi mitatu pale. Nilikwenda juu, nikarudi nyuma, nikaenda chini, nikarudi tena. Mvua ilianza.

Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha bisi yangu, kati ya mchanga na muziki. Waliompokea ni mama wawili waliotoka kwenye feti ile ile, wamevaa vikwembe vya sare ambavyo havijafuliwa hata mara moja. Vilifuliwa kesho yake. Msichana mzima, na sasa anatembea. Pale mtaani wanamwita Shosé, yaani Barabara kwa Kifaransa.

Iliisha vizuri, ndiyo sababu hakuna aliyeulizwa kitu. Ingeisha vibaya tungesema ni mapenzi ya Mungu, na bado hakuna ambaye angeulizwa kitu.

Binti yangu anasoma sheria pale UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Nilimuuliza kama Congo hii kweli haina sheria ya kumkamata mtu anayeziba njia. Akacheka. “Papa, sheria ziko nyingi. Njia ndiyo haiko.” Jioni moja akaniletea makaratasi yake, tukakaa mezani mpaka umeme ukakatika, kisha tukaendelea na tochi ya simu. Mambo mengine aliyonisomea nakuandikia hapa. Najua wewe unayajua kuliko mimi, lakini watu wengine wataisoma barua hii.

Katiba ya 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kwenda na kurudi kwa uhuru katika nchi hii. Halafu kuna sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu chake cha 10 kinasema mali ya Leta (serikali) iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote haiingii sokoni, mpaka itolewe rasmi katika matumizi hayo. Na kifungu cha 207 kinasema anayetumia ardhi yoyote bila sheria wala mkataba unaompa haki hiyo ametenda kosa la jinai: kifungo cha miezi miwili hadi sita, na amandi (faini) ya zaire 50 hadi 500, au moja ya adhabu hizo.

Zaire! Hapo tulicheka wote wawili. Fedha hiyo tuliiaga mwaka 1998, faranga iliporudi, na watoto wa leo hawajaishika mkononi. Nadhani anayetandaza kontena lake juu ya mfereji anajua vizuri kwamba hakuna wa kuja kumdai zaire mia tano. Ila binti yangu akaweka kidole kwenye mstari. Amandi imezeeka pamoja na fedha yake, alisema, kifungo hakizeeki. Miezi sita ya jela ya 1973 ni miezi sita ile ile leo.

Kuna na kanuni ya adhabu, kifungu cha 52. Hicho kinamhusu anayeua au kujeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Fikiria kijana wa pikipiki anayepanda rundo la mchanga saa mbili za usiku, hakuna taa, hakuna hata tawi la mti la kuonya. Akivunjika mguu, mwenye mchanga hawezi kusema “nilikuwa nimelala nyumbani kwangu.” Mchanga wake haukulala nyumbani kwake.

Na mbali na jela kuna kulipa. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi, maana sisi tumezoea kudhani kwamba Leta ndiyo pekee yenye neno juu ya barabara. Kifungu cha 258 cha kanuni ya madai, kilichoandikwa tangu 1888, kinasema yeyote anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airudishe. Kinachofuata, cha 259, kinaongeza uzembe na kutojali. Kwa hiyo mama mwenye duka ambaye wateja wake hawafiki kwa sababu kamyo ya mtu imelala mbele ya mlango wiki nzima, na mimi niliyevunja springi nikikwepa matofali, na yule kijana wa mguu, sote tunaweza kudai fidia. Anayeumizwa na kosa la jinai anaweza hata kuleta dai lake ndani ya kesi ile ile ya jinai, asianzishe kesi ya pili. Miaka 19 barabarani, sikuwahi kulisikia hilo kwenye mkutano wowote wa mtaa.

Sasa Mheshimiwa, nije kwenye jambo langu hasa. Adhabu zipo. Ila namna zinavyopiga ndiyo iliyopinduka.

Twende wote saa kumi na mbili asubuhi kwenye soko la Kenya (Kenya yetu ya hapa, wenzetu wa nchi nyingine wasishtuke). Mama ameweka beseni la nyanya ukingoni mwa lami, pembeni yake mwenzake ana samaki wa tomsoni waliogandishwa. Anakuja mtu na kijitabu, wakati mwingine bila kijitabu. Mama anatoa noti. Mtu anaondoka. Saa nne anakuja mwingine mwenye sare, mama anatoa noti nyingine. Asiyekuwa nayo, beseni lake linapakiwa kwenye gari la jipu na nyanya zinabaki njiani, sisi tunazikanyaga. Hatua mia mbili kutoka hapo kuna kontena limejengwa juu ya kaniveau, mfereji wa maji ya mvua, kwa saruji, lina umeme, lina mlinzi. Mvua ikinyesha maji yanakosa pa kupita, yanakuja barabarani na kuingia mpaka ndani ya viatu vya abiria wangu. Hilo kontena sijaona jipu limelisogelea.

Siku moja nilikuwa na haraka, nikamwambia mama mmoja kwa ukali kidogo avute meza yake, kioo cha gari kilikuwa kinaigusa. Alinitazama hivi. “Baba, mimi hapa nimekwisha kulipa. Wewe umelipa?” Nikakosa jibu. Alikuwa na haki kwa namna yake! Ameuziwa kipande cha barabara, anakilipia kila siku ya Mungu, kwa nini akubali shofere amtoe?

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kinachotolewa asubuhi bila karatasi tunakiita amandi, lakini hakimwondoi mtu mahali, kinamweka. Amandi ya kweli unailipa ukiwa umeudhika, kisha unaondoka. Hii inalipwa mtu akabaki, na kesho analipa tena. Hii ni kodi ya pango. Na kifungu cha 10 kimesema mali hiyo haiko sokoni. Anayepokea ndiye anayeuza kisicho chake, na kanuni ya adhabu ina kifungu chake pia, cha 146, kwa mtumishi wa Leta anayepokea asichostahili kudai.

Nisijifanye mtakatifu. Sisi mashofere tunaziba njia kila siku. Reseva wangu, anayekusanya nauli, akiona abiria watatu kwenye kona, anapiga ubavu wa gari na mimi nasimama hapo hapo, katikati, nyuma yangu honi zinalia. Sheria ya barabara ya 1978 imekataza hivyo. Nimekamatwa na polisi wa rulaje (wa barabarani) mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na mara zote nimelipa. Kitansi (risiti) chenye muhuri nimepewa mara mbili katika miaka 19, navyo nimevitunza ndani ya Biblia. Zile mara nyingine nimeweka noti ndani ya leseni, nikarudishiwa tupu, nikaenda kusimama vile vile kwenye kona inayofuata. Kwa nini nisisimame? Nilikuwa nimelipa.

Tena baba yangu alipofariki, sisi watoto wake tulifunga avenyu siku nne. Kilio hakiingii ndani ya kiwanja cha mita kumi na tano kwa ishirini, kila mtu wa Katuba anajua. Watu wanalala nje, masufuria ya bukari (ugali) yanapikwa nje, wazee wanakaa kwenye mabenchi. Hakuna aliyetuuliza, na kama angetuuliza tungemfukuza. Kwa hiyo sikuombi upeleke askari wabomoe kilio cha mtu. Lakini tungeweza kuacha upande mmoja wazi. Bashi ile ilikuwa na kamba ndefu, tungeisogeza mita tatu tu. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukumfikiria mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Kuna na kuziba kwa aina nyingine, nako nisikuchanganye na mchanga. Watu wakiandamana, Katiba, kifungu cha 26, imewapa haki hiyo. Wanaotayarisha wanatakiwa kuarifu uongozi unaohusika kwa maandishi, basi. Mimi nikikwama nyuma ya maandamano napoteza safari mbili au tatu, nanung'unika, lakini jioni njia ni ya wote tena. Mwenye kontena harudishi njia jioni. Nimeona mara nyingi mji wetu una mbio sana kwa wanaoziba kwa muda wa saa tatu, na hauna mbio kabisa kwa wanaoziba kwa miaka mitatu.

Mheshimiwa, sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imekukabidhi uongozi wa mji huu na komini zake saba, yaani wilaya za mji, na burgumesta wanaoziongoza wako chini yako. Ningekuwa mimi, ningeanza na karatasi. Kila komini ibandike ubao mlangoni: kosa gani, amandi kiasi gani kwa faranga za leo, inalipwa benki gani. Asiyeonyeshwa kitansi asilipe, na atangaziwe hivyo redioni, kwa Kiswahili chetu, si kwa Kifaransa cha gazeti rasmi. Kilio na feti, shefu wa avenyu apewe uwezo wa kuandika ruhusa ya bure, yenye siku na saa, na sharti moja tu: upande mmoja unabaki wazi usiku na mchana. Mwenye kujenga apewe siku mbili za kuingiza mchanga wake ndani, baada ya hapo komini iuzoe na kumpelekea hesabu ya kamyo. Tope linalotolewa mferejini wakati wa salongo, kazi ya usafi ya pamoja, liondolewe siku ile ile. Sisi tunalirundika kando kwa bidii, tunapigwa picha, na mvua ya Jumanne inalirudisha lilikotoka.

Makontena, hapo ningependa uanze na lililo kubwa kuliko yote, lenye mlinzi. Lile la kwanza likibebwa mchana, watu wakiona, mengine yatajisogeza yenyewe. Mama wa beseni nakuomba uwaache wa mwisho, na usiwaguse kabla hujawaonyesha meza ndani ya soko, meza halisi yenye namba. Wengi wao walikimbilia barabarani kwa sababu meza za ndani zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa watu wasiouza hata chumvi.

Na sisi tupe vituo. Vibao vinne tu kwenye laini ya Katuba. Ukishavichora, nikisimama nje ya kibao, nikamate mimi wa kwanza. Nitalipa benki.

Barua hii binti yangu amenisaidia kuipanga, lakini maneno ni yangu. Amesema niongeze kwamba ninahifadhi haki zangu zote za kudai fidia ya springi. Basi naongeza.

Rundo la mchanga bado liko pale, upande wa chini. Mvua imelipunguza, sasa limeota majani, na mbuzi wa jirani wanalala juu yake. Shosé anapenda kulipanda.

Kwa heshima,
Shofere wa laini ya Katuba