Gesi ni ya taifa, lakini shamba tulizungumze

Ndugu Mhariri,

Zikianza habari za kuchimba gesi, vijana wetu hapa Mtwara hawakosi kuitaja Marekani. Huko mwenye shamba mara nyingi anamiliki na kilicho chini yake. Kampuni humfuata nyumbani, humlipa ili atie saini, kisha humpa mrabaha, yaani fungu lake katika mapato ya gesi, ambao katika jimbo la Pennsylvania sheria inakataza upungue sehemu moja kwa nane. Ni kweli, lakini tusidanganyane. Kwetu gesi ni mali ya taifa, na ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwenye ekari tano Madimba, kwenye kiwanda cha gesi, hapati mrabaha, na ule ushuru wa huduma ambao kampuni hulipa unaishia halmashauri.

Chetu ni kilicho juu: mikorosho, minazi, nyumba, makaburi. Hapo ndipo pa kuzungumza, na hapo ndipo tunapopunjika, kwa kuwa kila mtu huitwa peke yake akatia dole gumba kwenye fomu ambayo hakuisoma. Mthamini, yule wa kukadiria fidia, akija, tembea naye mti kwa mti, na nakala ubaki nayo. Fidia si miti tu. Ipo posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Jirani yangu alidhani hizo ni hisani ya kampuni!

Kinachoniuma zaidi ni kusubiri. Ukishathaminiwa unaambiwa usiendeleze. Sheria inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, baada ya hapo riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unapaswa kurudiwa. Likong'o kule Lindi, kwenye eneo la mradi wa LNG, yaani gesi iliyogeuzwa kimiminika, watu walikaa miaka hadi fidia ikalipwa 2020. Mche wa mkorosho ungekwishazaa.

Serikali za vijiji ziitishe mkutano mkuu kabla mthamini hajafika, ichaguliwe kamati moja ya kusema kwa niaba ya wote, na akina mama wawemo, maana huku kwetu mashamba mengi hupitia ujombani. Kampuni ikihitaji eneo kwa muda tu, la kambi ya wafanyakazi au kuweka mabomba, tudai kodi ya kila mwaka, si kifuta machozi cha mara moja. Na afisa ardhi wa wilaya atufuate kijijini na fomu zake, atusomee kabla hatujatia dole.

Mkulima wa korosho,
Mtwara Vijijini