Barua kwa Watoto wa Amu (Lamu) Wanaoandika 2005 Wakiambiwa Mia Mbili na Tano

Wajukuu zangu,

Assalaam aleikum. Nimeyatazama madaftari yenu ya hesabu nikaudhika, na hasira yangu si juu yenu. Mtoto kaambiwa aandike mia mbili na tano, kaandika 2005. Kapigwa kalamu nyekundu, kakaripiwa mbele ya wenzake, basi. Hakuna aliyemweleza kosa limetoka wapi.

Alisikia "mia mbili", akaandika 200. Akasikia "na tano", akaibandika 5 ubavuni. Ndivyo watu wa kale walivyoandika, na kwao ilikuwa sawa! Wamisri walichora mia kama kamba iliyoviringishwa, kumi kama upinde, moja kama kijistari. Kwa 205 walichora kamba mbili na vijistari vitano. Warumi waliandika CCV. Hata abjadi, yaani herufi za Kiarabu zinazotumika kama namba, mnayoiona chuoni mnakosoma Kurani, ni hivyo: re (ر) ni 200, he (ه) ni 5, ziweke pamoja, ujumlishe. Kila alama imebeba thamani yake popote ilipo. Ila namba ikikua, mkono unachoka: 999 kwa Kimisri ni alama 27, na 1888 kwa Kirumi ni herufi 13.

Sisi tuna alama kumi tu, 0 hadi 9, na thamani ya kila moja hutokana na kiti ilichokalia. Katika 205, 2 ni mia mbili. Katika 25 ni ishirini. Katika 52 ni mbili tu. Kiti kikiwa kitupu, lazima kikaliwe na sifuri, la sivyo 205 itageuka 25.

Watu wa Babeli walihesabu kwa sitini, ndiyo maana saa ina dakika 60. Viti walikuwa navyo, sifuri hawakuwa nayo, kwa hiyo alama ile ile iliweza kuwa 1 au 60. Baadaye walibuni alama ya pengo la katikati, lakini la mwishoni wakaliacha wazi. Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, walihesabu kwa ishirini, na sifuri yao waliichora kama kombe. Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahesabu wa Bara Hindi, aliandika kanuni za sifuri: namba ukiitoa kwa namba hiyo hiyo hubaki sifuri. Mwanahesabu Al-Khwarizmi akaieleza hesabu hiyo ya Kihindi Baghdad katika karne ya 9, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, Italia, akawaandikia Wazungu.

Sasa chukueni kalamu. Chora safu tatu: mamia, makumi, mamoja. Mia mbili: weka 2 safu ya kwanza. Makumi hukuyasikia: weka 0. Tano: weka 5 safu ya mwisho. Usiandike namba kabla ya kujaza safu zote. Kwa elfu moja na arubaini ongeza safu ya maelfu: 1, 0, 4, 0.

Chuoni angalieni zaidi. Huko ٥ ni tano, na sifuri ni nukta, ٠. Mtoto aliyetoka skuli asubuhi huisoma ٥ kuwa sifuri. Nanyi walimu wa pande zote mbili, mnafundisha watoto hao hao. Kwa nini hamkai pamoja mkaliweka wazi jambo hili? Na wazazi, mtoto akiuliza ishirini mara saba mnampa simu. Ataandika 2005 badala ya 205 siku ya kutuma pesa, na shilingi 1,800 zitakwenda kwa mtu asiyemjua.

Wauza boriti wetu huhesabu kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Basi hii ndiyo kazi yenu: korija 15 na boriti 4 ni boriti ngapi? Andikeni jibu kwa kamba na vijistari, kwa abjadi, kisha kwa safu tatu. Kwa kamba na kwa abjadi hamtaona pengo lolote. Kwenye safu, makumi yatakuwa matupu. Hapo ndipo pa kuweka 0.

Babu yenu,
Mkomani, Lamu