Mama, uliniuliza kuhusu moshi

Yokkaichi, mkoa wa Mie, Japani

Kwa Mama na Baba,

Assalamu aleikum. Baada ya salamu, mimi huku ni mzima Alhamdulillahi, hofu na mashaka ni juu yenu hapo Changamwe, Mombasa, na zaidi juu ya Mwanaidi na kifua chake.

Mama, siku ile kwenye simu uliniuliza swali nikalijibu juu juu, kwa kuwa nilikuwa natoka kazini usiku na usingizi umenijaa. Uliuliza, "Huko ulikokwenda kuna moshi wa viwanda kama wa huku?" Nilikujibu hakuna, nikakata simu. Lakini jibu lile halikuwa kamili na limenikaa moyoni. Leo ni siku yangu ya mapumziko, nimekaa kitako nikujibu vizuri.

Kwanza nikuelezeni mji wenyewe. Yokkaichi uko ufukweni mwa Ghuba ya Ise. Mashariki ni bahari, magharibi ni milima ya Suzuka, na kwenda jiji kubwa la Nagoya ni nusu saa na ushei kwa treni. Watu wake ni kama laki tatu. Jina lake maana yake ni soko la siku ya nne, kwa kuwa zamani watu walikusanyika kuuza na kununua tarehe 4, 14 na 24 za kila mwezi. Mimi nakaa upande wa Sasagawa, kwenye majumba ya ghorofa wanakoishi Wabrazili wengi wenye asili ya Kijapani. Jirani yangu ni mmoja wao, na tunasalimiana kwa Kijapani kibovu cha sisi wote wawili. Asubuhi natembea hadi Nishi-Hino kupanda treni ndogo ambayo Baba ungeipenda: reli zake zimeachana milimita 762 tu, na mabehewa ni membamba hata watu wakikaa pande mbili magoti yanakaribia kugusana.

Baba, kuna kitu kingine chako bandarini. Ni daraja la reli la mwaka 1931 liitwalo Suehiro, ambalo kipande chake cha katikati hunyanyuka juu kama mkono ili mashua zipite, kisha hushushwa treni ya saruji inapokuja. Bado linafanya kazi mpaka leo. Nilisimama nalo zaidi ya saa nzima nikingoja treni, nikakukumbuka ulivyokuwa ukinipeleka bandari ya Kilindini kutazama makreni. Bandari yenyewe ilianza kwa mfanyabiashara mmoja, Inaba San'emon. Gati la zamani liliharibiwa na tetemeko la ardhi, naye kuanzia mwaka 1873 akatia mali yake mwenyewe katika kujenga upya, na kazi ikaisha 1884.

Sasa moshi. Ukipanda ghorofa ya 14 ya jengo la bandari usiku, unaona viwanda vya mafuta na kemikali vimeshikana pwani nzima, taa zinawaka kwenye mabomba na minara, na dohani ndefu zilizopakwa nyekundu na nyeupe. Watu hulipa kiingilio kuja kutazama taa hizo, na kuna mashua zinazowapeleka kuziona kutoka baharini. Ni nyingi, Mama. Ukiambiwa pale Changamwe pazidishwe mara nyingi, ndiyo hapo. Lakini hewa ni safi. Natembea hadi mjini, nguo nyeupe naanika nje mchana kutwa, na sijasikia ile harufu iliyokuwa ikitukwaruza koo.

Nikataka kujua imekuwaje. Karibu na stesheni ya treni za Kintetsu kuna makumbusho ya uchafuzi wa mazingira, mji wenyewe uliyafungua mwaka 2015 na kuingia ni bure. Nimekwenda mara tatu.

Viwanda vile vilianza kufanya kazi kwa nguvu mwaka 1959. Mafuta waliyochoma yalikuwa na salfa nyingi, na moshi wa dohani haukuondolewa salfa hiyo. Kabla hata vifua havijaharibika, samaki walianza kunuka mafuta, wavuvi wakarudi na samaki wasiouzika Tokyo. Kisha pumu. Ng'ambo ya mto kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Isozu, na dohani ziko upande wa pili tu. Nyinyi mnajua kaskazi na kusi. Huku wakati wa baridi upepo unashuka kutoka milimani kwenda baharini, basi moshi wote ulikuwa ukiangukia Isozu. Watoto wa shule ya karibu na viwanda walikwenda masomoni na barakoa za njano. Barakoa moja iko pale ndani ya kioo. Ni ndogo, Mama. Ingemtosha Mwanaidi alipokuwa darasa la pili. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Kitu kilichonishika zaidi ni habari za wavuvi waliolazwa. Hospitali ilikuwa na vyumba vya hewa iliyosafishwa. Mgonjwa alilala humo usiku apate kupumua, alfajiri akatoka kwenda baharini kwa sababu nyumbani watoto wanataka kula, jioni akarudi tena kitandani hospitalini.

Mwaka 1967 wagonjwa tisa wa Isozu walizishtaki kampuni sita kwa pamoja. Tisa tu. Kulikuwa na watu mjini waliowanunia, kwani kila nyumba ilikuwa na ndugu anayekula kwa mshahara wa kiwanda. Kesi ilichukua karibu miaka mitano, na wawili kati yao walifariki kabla ya kusikia hukumu. Tarehe 24 Julai 1972 mahakama ikasema kampuni zote sita zina hatia kwa pamoja, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake akidai moshi si wake. Mwaka uliofuata serikali ikatunga sheria ya fidia kwa wagonjwa, na pesa zinatoka kwa wanaotoa moshi. Waliotambuliwa hapa peke yake walipita elfu mbili. Viwanda vikafunga mitambo ya kuondoa salfa, na kufikia 1976 hewa ikafika kiwango cha sheria. Mmoja wa wale tisa, mvuvi Noda Yukikazu, aliishi miaka mingi akiwasimulia watoto wa shule, mpaka alipofariki 2019.

Kwa hiyo Mama, moshi ulikuwepo, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwetu. Hii hewa ninayovuta ilidaiwa mahakamani na watu waliokuwa wakikohoa. Nilipoondoka pale makumbusho nilikuwa nawaza Owino Uhuru, hapo karibu nasi Mikindani, na wale watoto waliokutwa na sumu ya madini ya risasi kwenye damu kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walishinda kesi 2020, wakanyang'anywa ushindi katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Watu wanadhani mambo haya hayawezekani kwetu. Yamewezekana, tena mwendo wa matatu mmoja kutoka nyumbani.

Chakula msijali. Chakula maarufu cha hapa ni nyama ya nguruwe iliyokatwa nene na kukaangwa na vitunguu saumu, hiyo sigusi. Nakula samaki, wali, mayai, na kila nikipata nafasi naenda Nagoya, kuna msikiti na duka la nyama halali. Chai ya huku ni ya kijani, bila maziwa wala sukari. Mashamba yako huko juu Suizawa, na kabla ya kuchuma hufunika michai kwa vitambaa vyeusi siku kadhaa ili majani yawe matamu. Nimeizoea, ila iliki naiota.

Nimekununulia buli dogo la udongo wa rangi ya zambarau, kazi ya hapa iitwayo Banko. Duka hilo linauza pia vyungu vya kupikia juu ya moto mkali bila kupasuka. Bibi mwenye duka alinipa kimoja nikishike, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Afrika akagonga chungu kwa ukucha, kikalia kama kengele, akasema ndani yake mna madini ya Zimbabwe, ndiyo yanayokizuia kupasuka. Tangu mgodi wa huko ulipouzwa mwaka 2022 madini hayo yamekuwa adimu, na mafundi wanahangaika kutafuta mengine. Aliniinamia kana kwamba nimemletea mimi mwenyewe. Sikujua la kusema, nikainama nami.

Sasa sikilizeni jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Katika kesi ile, profesa mmoja wa tiba, Yoshida Katsumi, alichukua kumbukumbu za bima ya afya akahesabu nani alikwenda hospitali kwa pumu, na anakaa wapi. Ndipo ikaonekana wazi kwamba wanaokaa karibu na dohani wanaugua zaidi. Makaratasi ya hospitali tu. Kwa hiyo tafadhalini, kadi za kliniki za Mwanaidi msizitupe, hata zile kuukuu zilizo kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Mwanaidi, wewe unajua kuandika vizuri: chukua daftari, kila siku kifua kikikubana andika tarehe, saa, na upepo unatoka wapi. Muulize na mama yake Bi Zainabu kuhusu yule mtoto wao, na nyumba ile ya kona.

Pesa za pampu ya kifua ya Mwanaidi nimetuma kwa M-Pesa ya Baba, ni za miezi mitatu. Buli analileta rafiki yangu anayerudi Mombasa mwezi ujao. Mama, usilioshe kwa sabuni, maji tu.

Nisalimieni wote, wakubwa shikamooni.

Mwanenu,
Salim